Nilikuwa meya wa Litein kwa wiki mbili

Likizo ya Aprili nilienda nyumbani Litein. Mvua haikatiki, stima inapotea kila jioni, bando inaisha. Nikabaki na simu na kagemu kadogo ka kujenga mji.

Kagemu kenyewe ni rahisi. Unapewa ardhi, pesa kidogo, na vipimo vitatu juu ya skrini: furaha, mazingira, bajeti. Kimoja kikifika sifuri umefutwa kazi. Ukijenga kiwanda, bajeti inapanda na mazingira yanashuka. Ukipandisha ushuru, watu wananuna. Babu yao ni SimCity ya 1989, kazi ya Mmarekani anaitwa Will Wright, na tangu hapo raha ni ileile: wewe ndiwe meya, wewe ndiwe bunge la kaunti, na hakuna MCA wa kukupigia kelele. Mji wangu niliuita Litein. Kwani ningeuita nini?

Siku ya tisa mambo yalikuwa poa. Furaha 91, mazingira 84, tatizo bajeti tu. Gemu ikaniletea ofa: toa wafanyakazi wa mashambani, weka mashine, utaokoa pesa kila mwezi na furaha itashuka pointi nne. Nne tu! Nikabonyeza. Hata sikufikiria sekunde mbili.

Mamangu alikuwa kando yangu anachambua managu. Akauliza ninachekea nini, nikamwonyesha, nikamweleza vizuri kabisa jinsi nilivyo mjanja. Akaiangalia skrini kwa muda.

"Na hao watu umewatoa, wameenda wapi?"

Nikawatafuta kwenye ramani. Hawapo.

Sasa lazima niwaambie kitu. Mama alichuna majani miaka kumi na moja kwenye shamba moja kubwa upande wa Kericho. Tuliishi kambi ya shamba mpaka nikafika darasa la sita. Halafu mashine zikaja na jina lake likawa kwenye orodha. Ukifutwa kazi shambani hupotezi mshahara peke yake, wasee. Nyumba ni ya shamba, kwa hivyo unafunga virago. Maji ya mfereji unayaacha hapo, zahanati unaiacha hapo, na mtoto anahama shule katikati ya muhula. Mtoto mwenyewe ni mimi, na bado nilibonyeza.

Kuna lingine baya zaidi. Mei 2023 watu walipoandamana Kericho na mashine za kuchuna chai zikachomwa moto, mimi nilikuwa Nairobi naangalia video. Mtu fulani akaandika chini yake kwamba watu wa huko ni washamba, hawataki maendeleo. Nikalaiki. Aki mama, kama unasoma hii, nisamehe.

Sisemi mashine zirudishwe zilikotoka. Kuchuna kwa mkono kunavunja mgongo, na mama mwenyewe hakutaka niifanye kazi hiyo hata siku moja. Swali langu ni pesa inayookolewa. Kwenye gemu inarudi kwangu, naijengea watu maktaba. Huku kwetu nani anaijengea kambi iliyobaki tupu maktaba?

Halafu hiyo "ardhi tupu" ya kuanzia. Kila gemu ya mji huanza hivyo, nyasi tu, hakuna mtu. Lakini mashamba makubwa ya hapa yalipandwa wakati wa ukoloni kwenye ardhi ya Wakipsigis. Mwaka 1934 serikali ya Mwingereza ilipitisha sheria nzima ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, wakapelekwa Gwassi, kule karibu na Ziwa Victoria. Leo ukipita barabara ya Kericho ni kijani pande zote, na watu wanasimamisha magari wapige picha. Gemu ingesema mazingira 100.

Na miti je? Kwenye gemu mti ni mti, unapanda unapata pointi. Huku miti mingi utakayoiona karibu na viwanda ni mikaratusi, imepandwa ili ikatwe, iingie kwenye boila ya kukaushia majani. Hiyo utaihesabu wapi, mazingira ama bajeti?

Basi nikarudi kwa gemu nikitaka kuondoa mashine. Hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Mama, ambaye siku hizi anauza nyanya kando ya barabara, akauliza soko langu liko wapi. Sikuwa nimejenga. Vibanda havipo kabisa kwenye hiyo gemu, kuna soko moja kubwa la bei ghali, na linakula mazingira pia. Nikalinunua na pesa yote iliyobaki. Bajeti sifuri.

"Umefutwa kazi," skrini ikaandika.

Mama alicheka mpaka managu yakamwagika.

"Karibu," akaniambia.