Nilivyojifunza Kunyamaza Kwenye Kibanda cha Supu

Kwa miaka mingi sikumpenda Anthony Bourdain, na katika chumba cha madereva sikuwa peke yangu. Wanaoifahamu kazi ya kubeba watalii wanakijua chumba ninachokisema. Kila loji kubwa ya mbugani ina mahali pake nyuma ya jikoni ambapo madereva hula na kubishana huku wageni wao wakiwa kando ya bwawa la kuogelea. Televisheni iko juu ukutani, rimoti anaishika aliye mkubwa kwa umri, na huyo siku zote anataka taarifa ya habari. Habari zikiisha ndipo huingia vipindi vya safari na mapishi. Hapo ndipo tulipomjua yule Mmarekani mrefu mwenye mvi na chale za wino mikononi, aliyekula kila kitu na kusema kila kitu.

Maoni hayakukosekana. Mzee wetu mmoja, ambaye ameendesha magari ya watalii tangu enzi za Kombi, hakuweza kumvumilia. "Mtu mzima anatukana na chakula kiko mkononi," alikuwa akilalamika. Kijana mmoja kutoka Narok alimtetea kila mara: "Lakini mzee, huyu anamaliza sahani. Wageni wako wewe wanaonja kijiko kimoja halafu wanaulizia chipsi." Wengine waliona anajipenda mno, kwamba nchi nzima inageuka kuwa pazia la nyuma ili yeye aonekane mbele yake. Wengine walimpenda kwa sababu hakuwa na lile tabasamu la matangazo ya biashara.

Chuki yangu mimi ilikuwa ya kikazi. Nilimwona kama mtu anayekuja kwa siku chache, anakula, anaondoka, halafu ulimwengu mzima unaijua nchi kwa maneno yake. Mimi niliyezaliwa hapa Kenya, ninayejua ni kona gani ya barabara ya Mai Mahiu inaficha lori lililoharibika, nilikuwa nikipewa bahasha ya bakshishi uwanja wa ndege na kusahaulika. Kwa hiyo nilikuwa namtazama kwa jicho la mtu anayetafuta kosa, na mtu wa namna hiyo hakosi la kuokota.

Nilipokuja kusoma habari zake, jambo la kwanza lililonishtua ni kwamba hakuwa mtu wa televisheni. Alikuwa mpishi. Alikuwa mkuu wa jikoni katika mkahawa wa Les Halles jijini New York, na alijulikana kwa makala aliyoandika katika jarida la The New Yorker mwaka 1999, kisha kitabu, Kitchen Confidential, mwaka 2000. Humo alieleza bila kuficha uraibu wake wa heroini na maisha ya ovyo ya watu wanaopika vyakula vya matajiri. Televisheni ilimjia akiwa na zaidi ya miaka 40: A Cook's Tour, kisha No Reservations kuanzia 2005, na mwishowe Parts Unknown kwenye CNN kuanzia 2013. Alipenda kuwakumbusha Wamarekani kwamba migahawa yao mikubwa inasimama kwa mikono ya Wameksiko na wahamiaji wengine ambao hakuna anayewaona. Basi naye alikuwa ametokea nyuma ya jikoni, upande ule ule ambako sisi tulikuwa tukikaa kumsema.

Halafu kuna lile suala la Namibia, ambalo mashabiki wake hawaachi kulisimulia. Akiwa na Wasan, alipewa utumbo wa mwisho wa ngiri, uliochomwa jivuni bila kuoshwa vizuri. Aliula. Baadaye alisema wazi kwamba ni miongoni mwa vitu vibaya kuliko vyote alivyowahi kutia kinywani. Alipoulizwa kwa nini basi hakukataa, jibu lake lilikuwa kanuni aliyoihusisha na nyumba ya bibi: ukiwa kwa bibi, unakula alichopika bibi, na unashukuru. Yule mzee wetu wa Kombi aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapo amelelewa." Kutoka kwake, hiyo ni kama medali.

Lakini mimi bado sikuwa nimeridhika, na sababu ilikuwa kubwa kuliko adabu ya mezani. Mtu hawezi kuelewa tulivyoitazama CNN bila kukumbuka hali ya biashara miaka ile. Baada ya shambulio la kigaidi la Westgate Septemba 2013, na maonyo ya usafiri yaliyofuata, na shambulio la Garissa Aprili 2015, wenye magari waliyauza na madereva wakarudi mashambani. Kisha Julai 2015, Barack Obama akiwa njiani kuja Nairobi, CNN ikaiita nchi yetu kitovu cha ugaidi. Wakenya waliwaka mtandaoni chini ya alama ya #SomeoneTellCNN, na mwezi uliofuata mkuu mmoja wa shirika hilo, Tony Maddox, akapanda ndege hadi Nairobi kuja kuomba radhi. Kwa watu walioishi kwa safari za watalii, radhi ile haikujaza hata kiti kimoja cha gari. Kwa hiyo mtangazaji yeyote aliyekuja na nembo ya CNN kifuani alikuwa na deni asilolikopa yeye.

Na kuna kipindi kimoja kilichonipa hoja zote nilizozihitaji. Katika kipindi hicho, kilichotoka mwaka 2013, Bourdain alikwenda Kongo. Alipita Goma, akafika Kisangani, akapanda mashua mtoni, na njia nzima alikuwa na riwaya ya Joseph Conrad kichwani, ile Heart of Darkness ambayo alikuwa ameiota tangu ujana. Sasa fikiria: unakwenda Kisangani, mji ambao watu wanaongea Kiswahili na Kilingala, wana masoko, wana vichekesho vyao, nawe unautazama kupitia kitabu cha mtu aliyepita hapo karne ya 19! Nilisema hayo kwa sauti kubwa mbele ya wenzangu, na bado nayasema. Kipindi kile kina ubabaishaji wake: usiku ule mashuani anahangaika kupika kuku kwa mvinyo wa Kifaransa, umeme unazimika, wadudu wanaingia sufuriani. Inachekesha, lakini ni habari yake yeye.

Ila katika kipindi hicho hicho kuna wale wafanyakazi wa reli. Treni karibu hazipo, lakini wao wanaendelea kufika kazini, wanautunza mtambo. Hapo Bourdain anaacha kuongea sana. Mara ya kwanza nilipoangalia, sehemu hiyo ilinipita kama gari la mizigo usiku. Niliirudia nilipokwisha kubadilika, nikaona kwamba ndiyo niliyostahili kuitazama tangu mwanzo.

Alifariki tarehe 8 Juni 2018 mjini Kaysersberg, Ufaransa, akiwa kazini, na umri wake ulikuwa miaka 61. Alijitoa uhai. Siku ile chumbani hakuna aliyemsema vibaya, hata mzee. Sitaki kulitia jambo hilo maana lisiyokuwa nayo. Watu wengi walijaribu, kila mmoja akidai aliona dalili kwenye kipindi fulani.

Miezi mitatu baadaye, Septemba 2018, kikatoka kipindi cha Kenya. Alikuwa amekuja na W. Kamau Bell, mchekeshaji Mmarekani mweusi ambaye wazazi wake walimpa jina ambalo kwetu halihitaji maelezo, na ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika kabla ya hapo. Walizunguka Nairobi, kisha wakaenda kaskazini hadi Lewa. Kuna mahali wawili hao wameketi wanatazama nyika jioni, Bell anastaajabu kwamba yuko pale, pamoja na mtu ambaye alikuwa akimtazama kwenye televisheni nyumbani. Bourdain anamjibu kwamba hata yeye haamini kuwa hii ndiyo kazi anayolipwa kuifanya.

Nilikitazama kama askari wa zamu. Nilihesabu makosa, na nilipata machache. Kisha ikaja sehemu ya mwisho, sauti yake ikisimulia, na hicho ndicho kipindi cha mwisho alichowahi kukisimulia. Aliuliza ni nani anayepewa nafasi ya kuhadithia. Akajibu kwamba safari hii, kwa heri au kwa shari, ni yeye. Kwamba anajitahidi kutazama na kusikiliza, lakini anajua mwisho wa yote hii ni hadithi yake, si ya Kamau, wala ya Kenya, wala ya Wakenya, na kwamba hadithi za hao bado hazijasikika. Maandishi ya kipindi hicho yalipata tuzo ya Emmy mwaka 2019, naye hayupo.

Kijana wa Narok aliniangalia. "Si ndiyo hayo unayosemaga kila siku?" Ndiyo, yalikuwa hayo hayo. Lawama yangu yote alikuwa ameisema mwenyewe, kwa kinywa chake, na ameisema vizuri kuliko mimi. Sikuwa na la kuongeza. Ila swali lenyewe halikuondoka na yeye; lilibaki pale mezani, na ukiliangalia vizuri lilinihusu mimi zaidi yake. Maana katika kazi hii kila dereva ana kaseti yake. Mgeni akipanda tu, unaibonyeza: Bonde la Ufa liliumbikaje, Mmasai anakunywa nini, mama wa sokoni anaamka saa ngapi. Hakuna anayeulizwa, si Mmasai, si mama. Nimeisikiliza kaseti yangu miaka mingi kuliko mgeni yeyote.

Baada ya kipindi kile walianza kuja wageni wa aina nyingine. Hawakutaka bafe. Walitaka viti vya plastiki, kama vile walivyokalia Bourdain na Obama mjini Hanoi mwaka 2016, walipokula bún chả na bili ikawa dola 6. Nikaanza kuwapeleka kwa mama mmoja upande wa Eastlands anayeuza supu ya kichwa cha mbuzi na mutura. Kibanda chake ni cha mabati, mvuke unatoka tangu alfajiri, na wateja wake ni makanga, mafundi wa magari na walinzi wanaotoka zamu ya usiku.

Siku moja mgeni mmoja aliniomba nimuulize mama kwa nini haondoi ulimi. Nilimjibu papo hapo, kwa Kiingereza, jibu refu la utamaduni. Mama akatua upawa. "Amesema nini?" Nikamwambia. "Na wewe umemwambia nini?" Nikamwambia. Akacheka, si kwa uchungu, akasema: "Sasa baba, aliyeulizwa ni nani hapa? Ulimi naacha kwa sababu mteja akiona hakuna, anasema nimeuza kando. Utamaduni gani?"

Wateja walicheka mpaka mmoja akamwagikiwa. Tangu siku hiyo kazi yangu pale ni kupitisha maneno tu, huku na huku, hata yakiwa yale ninayoyajua. Ni ngumu kuliko inavyosikika. Mgeni anauliza, majibu yote yako kichwani mwangu, na inabidi niyaache yapite. Mara nyingi mama anajibu jambo ambalo sikulitegemea kabisa: kodi ya kibanda, bei ya makaa, binti yake anayetaka kusomea uhandisi. Wakati mwingine hajibu, anasema hataki kusema hilo, nami natafsiri hivyo hivyo. Kuna wageni wanaokasirika. Wamezoea kwamba mwongozaji anajua kila kitu, na aliyelipa anaona amepunjwa. Siwalaumu sana.

Na mama naye ameanza kuuliza. Alimuuliza mwanamke mmoja kutoka Ohio mama yake anapika nini siku ya baridi. Yule mwanamke alichukua muda mrefu kueleza, akatoa simu kuonyesha picha, na makanga wawili wakaingilia kati kubishana kama viazi vilivyopondwa na maziwa vinaweza kuitwa mukimo. Nilikuwa mkalimani wa watu watano kwa mpigo. Sikumbuki kama nilikunywa supu yangu.

Mwaka 2021 ilitoka filamu ya Morgan Neville kuhusu maisha ya Bourdain, Roadrunner. Ndani yake kompyuta ilitumiwa kuiga sauti yake ili isome maneno machache ambayo yeye aliyaandika lakini hakuwahi kuyarekodi. Watazamaji wengi walikasirika. Mimi nilikasirika pia, na nilishangaa kwamba nimekasirika kwa niaba ya mtu niliyemsema miaka yote ile. Aliyejiuliza hadharani ni nani anayestahili kuhadithia, sasa watu wengine wanamtia maneno kooni. Maneno yalikuwa yake kweli, lakini hakuchagua kuyasema.

Simsafishi. Kile kitabu chake, Kitchen Confidential, kiliwapa wapishi wengi kisingizio cha kuwatesa walio chini yao, na mwaka 2017, habari za unyanyasaji jikoni zilipofurika, yeye mwenyewe aliandika kwa majuto kuhusu utamaduni alioutukuza. Aliwakejeli wasiokula nyama mpaka ikachosha. Na Conrad wake wa Kongo angeweza kubaki New York.

Mzee wa Kombi amestaafu, yuko Nyeri na ng'ombe wake, na bado anamwita mtukanaji. Kijana wa Narok sasa ana gari lake na kaseti ndefu kuliko niliyokuwa nayo mimi. Tukikutana lojini ananiuliza kama bado nalipwa kwa kunyamaza. Kampuni inayonipa wageni imekiweka kibanda cha mama kwenye ratiba rasmi, dakika 30, kati ya soko na uwanja wa ndege. Nimewaandikia kwamba dakika 30 zinatosha kunywa supu tu, na kwamba nahitaji saa moja na nusu, na kwamba mama alipwe kwa muda wake mbali na supu. Wamekubali malipo. Kuhusu muda, bado tunavutana.