Mchanga mpya kwenye kichujio

Mwezi uliopita nilibadilisha mchanga wa kichujio chetu hapa Goma. Maji ya Ziwa Kivu yakatoka meupe kabisa, nikawapa watoto, wetu na wa shangazi aliyekimbia kutoka Masisi. Siku ya tatu mdogo wetu akahara usiku kucha. Kwenye kituo cha afya, muuguzi aliuliza kwanza juu ya maji.

Mchanga wa zamani una utando wa vijidudu vinavyokula vile vya magonjwa. Mchanga mpya hauna. Utando unahitaji wiki tatu au nne kukua. Siku hizo tia klorini kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa, ngoja dakika 30. Usiitie juu ya mchanga, itaua utando. Nami niliitia huko! Mdogo sasa anakula bugali.