Mashini Ilikuwa Inalia, na Mimi Nikamlaumu Mtoto

Jambo ninalotaka kuwaelezea leo lilinipata hapa Yahuma, nyumbani kwangu, na lilianza na makelele ya mashini ndogo. Mashini yenyewe ni kompyuta ya kubeba mkononi, ile tunaita laptopu. Si yangu. Ni ya shule ninapofundisha, na mimi ndiye ninayeichunga, kwa sababu nyumba yangu iko na pano ya jua na ofisi ya papa prefe haina. Ndani yake kulikuwa na majina yote ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliopaswa kuandikishwa kwa mtihani wa Serikali, pamoja na pointi zao za miaka ya nyuma. Nakala nyingine haikuwako popote. Najua mutasema nini. Papa prefe alikwisha kuyasema yote.

Usiku mmoja mashini ikaanza kulia. Kwanza ilikuwa vuuu, kama nyuki ndani ya chupa. Baada ya siku mbili ikawa krrr, krrr, kama mutu anayesaga mahindi makavu. Ukiweka mkono chini yake, moto kama tumbo la pasi. Na baada ya dakika 20 hivi, kioo giza: inajizima yenyewe katikati ya kazi.

Ninakaa na mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 16. Dada aliolewa Kisangani, akamtuma kwangu asome mbali na barabara za mji. Jioni, kazi ikiisha, nilikuwa ninamruhusu kuangalia filamu kidogo. Basi nikamwita.

—Umeifanya nini mashini ya shule?

—Noko, mimi sikuifanya kitu.

—Unasema uongo.

Nilisema na maneno mengine ambayo siyaandiki hapa. Ninyi munajua neno la noko lina uzito gani juu ya mtoto wa dada yake. Nilimwambia ataandika barua kwa mkono wake, amwelezee mama yake kwamba ameharibu mali ya shule. Siku tatu kijana alikula jikoni pamoja na watoto wadogo, na kwangu hakuwa na neno zaidi ya «ndiyo, noko».

Kuipeleka kwa fundi haikuwa rahisi. Kutoka hapa ni pikipiki ndani ya msitu mpaka mtoni Lokutu, halafu chombo cha kupandisha mto mpaka Kisangani. Mvua ikinyesha, njia yenyewe inaamua utafika lini. Na mimi nilibaki na siku 12 tu za kupeleka majina.

Siku ya nne kijana akaja mbele yangu na turnevisi ndogo. Aliiazima kwa baba mmoja anayetengeneza simu pale sokoni. Kumbe kila siku akitoka shuleni alikuwa anakaa pale kuangalia kazi. Akasema:

—Noko, unipatie nafasi nifungue. Kama ikifa, si mimi nimekwisha kuwa mwenye kosa?

Neno lile lilinichoma. Nikamwambia: haya, fungua, lakini mbele ya macho yangu.

Hapa lazima niwaelezee namna mashini hii inavyopoa. Baba yangu alifanya kazi chini ya ardhi Kipushi mpaka mgodi uliposimamishwa mwaka 1993 (umeanza tena kutoa zinki mwaka 2024, baba hayuko tena kuuona). Yeye alikuwa anatuambia kwamba kule chini watu wanasikiliza vantilatere kuliko kapita. Vantilatere kubwa ikibadilisha sauti, kila mutu anainua kichwa. Ikisimama, wanapanda. Kompyuta iko hivyohivyo. Ndani kuna kipande kidogo tunachokiita prosesa, ndicho kinachofanya hesabu zote, na kikifanya kazi kinatoa moto mwingi. Juu yake kumelazwa bomba bapa la shaba. Shaba, ndugu zangu, ile ya kwetu: inapitisha joto zaidi ya mara moja na nusu kuliko aluminyumu, na kati ya madini ya kawaida ni fedha tu inayoishinda. Bomba lile ni tupu, lina maji kidogo sana bila hewa. Upande wa prosesa maji yanageuka mvuke, mvuke unakimbia upande wa pili, unapoa, unageuka maji tena na kurudi. Upande wa pili kuna radiatere ndogo, mabati membamba yaliyopangwa kama meno ya kitana, na vantilatere inapuliza hewa katikati ya yale meno. Hewa isipopita, moto unabaki. Prosesa ikisikia joto limepanda sana inapunguza mwendo, na ndiyo sababu mashini inakuwa mzito. Likikaribia digrii 100, mashini inajizima isiungue. Kujizima kwake haikuwa kufa. Ilikuwa inajiokoa, na mimi sikujua.

Kijana aliizima kabisa, akatoa waya wa umeme, akafungua mgongo. Skrubu tatu za kwanza alizitupa ovyo kwenye sahani. Nikamzuia: zina urefu tofauti, na ndefu ukiisukuma mahali pa fupi inatoboa. Tukachukua karatasi, tukachora umbo la mashini, kila skrubu tukaichomeka mahali pake kwenye karatasi. Halafu akachomoa kichwa cha waya wa betri mbele ya kugusa kitu kingine. Betri ile ina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka Lualaba na Haut-Katanga, kwa hiyo wengi wenu munaijua kuliko mimi. Lakini mujue na hili: ukiitoboa betri ya namna hii na turnevisi inaweza kuwaka moto pale pale mezani.

Akatoa skrubu mbili za vantilatere, akainyanyua. Ndipo nikaona. Kati ya mabawa ya vantilatere na meno ya radiatere kulikuwa kumefungwa kabisa, kama blanketi. Si vumbi jekundu la njia, ingawa nalo lilikuwako, wala si mende, ingawa mguu mmoja wa mende tuliuona. Ilikuwa ni nyuzi laini za kitambaa, zimeshikana na mafuta ya moshi wa jikoni. Kijana alizivuta polepole na kibano, akaziweka mezani. Zilikuwa za bluu.

Hakusema kitu. Nami sikusema kitu. Chini ya mkono wangu, juu ya meza ileile, kulikuwa kitambaa cha bluu ambacho mke wangu alikishona, na mimi mwenyewe nilikuwa ninakitandika chini ya laptopu kila jioni ili meza ipendeze. Matundu ya kuvutia hewa yako chini. Kwa miezi mingi mashini ilikuwa inapumua kitambaa changu.

Nilitoka nje, nikazunguka nyumba. Niliporudi nikamwita mke wangu na watoto wote, kwa sababu nilimlaumu mbele yao, nikamwambia kijana: «Nimekukosea. Kosa ni langu.» Aliangalia chini, akajibu: «Ndiyo, noko», halafu akauliza kama anaweza kupata mswaki wa zamani.

Tulisafisha na mswaki mkavu, halafu tukapuliza na pampu ya baiskeli, kijiti cha kiberiti kikishika mabawa yasizunguke. Ukiyaacha yazunguke kwa nguvu ya upepo unaweza kuharibu mhimili wake. Jirani aliyekuja kuchungulia alileta lotoko, akasema ni alkoli, itasafisha vizuri. Tulikataa. Lotoko ina maji na vitu vingine ambavyo hata anayeitengeneza hawezi kuvitaja. (Aliondoka nayo akiwa amefurahi.) Mwingine akashauri tone la mawese kwenye mhimili. Hapana! Mawese yanaganda, yanashika vumbi, na baada ya muda mfupi ni mabaya kuliko mwanzo. Chini ya karatasi ndogo iliyobandikwa katikati ya vantilatere kijana alitia tone moja la mafuta ya mashini ya kushona, moja tu, na ile sauti ya kusaga mahindi ikapungua sana. Haikuisha. Mhimili umekwisha kulika, na siku moja itatakiwa vantilatere nyingine kutoka Kisangani.

Bomba la shaba hatukuling'oa juu ya prosesa. Kati yao kuna pati ya rangi ya majivu inayopitisha joto, na ukiwatenganisha lazima utie mpya. Sisi hatukuwa nayo. Watu fulani wanatia dawa ya meno, inakauka, na mashini inarudi kuwaka. Kama hamuna pati, muliache bomba lilale.

Tuliifunga, tukaiwasha. Kijana aliweka sikio, mimi nikaweka mkono. Saa mbili nzima haikujizima. Usiku uleule niliandika majina yote, nikayatia kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhi, na asubuhi nikayanakili tena kwa mkono katika daftari, kurasa 9. Yalifika kwa wakati.

Barua ya dada haikuandikwa. Niliandika mimi, nikamwelezea kilichotokea, pamoja na kitambaa. Siku hizi laptopu inakaa juu ya ubao mtupu, na vijiti viwili vinainyanyua kidogo nyuma. Kijana sasa anafungua simu za walimu, na Jumamosi anaenda sokoni kwa yule baba kwa ruhusa yangu. Na ile karatasi ya skrubu iko bado ukutani, kwa sababu ya zile tatu za kwanza: tulipomaliza kufunga ilibaki skrubu moja, na mpaka leo hatujui ni ya wapi.