Beti Ishirini na Saba

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo aghalabu hutajwa penye furaha, mwana wa mtaa anapoingia uwanjani na jamaa zake wakampokea kwa vigelegele. Lakini haielezi tunzo hilo litolewe lini, wala limwendee nani iwapo jukwaani wamesimama wengi. Kisa cha Paul Gonsalves, mpulizaji wa saksafoni katika bendi ya Duke Ellington, kinakaa katika yale ambayo methali imeyanyamazia.

Newport ni mji wa kisiwani. Umejengwa katika kisiwa cha Aquidneck, jimbo la Rhode Island, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Pwani hiyo si ngeni kabisa kwa watu wa Unguja, kwani ni kutoka Salem, katika jimbo jirani la Massachusetts, ambako wafanyabiashara wa karne ya 19 walileta ile nguo ambayo hadi leo inaitwa merikani. Newport yenyewe ilikuwa mahali pa matajiri kupumzikia majira ya joto, nao wakajijengea majumba ya fahari yaliyoelekea bahari. Katika mji huo, mwaka 1954, bwana na bibi Lorillard wakishirikiana na George Wein, mpiga piano kutoka Boston, walianzisha tamasha la muziki wa jazi. Muziki uliozoea kukesha katika vilabu vyenye moshi ukatolewa nje, ukapigwa chini ya mbingu, mbele ya maelfu ya watu.

Gonsalves naye alikuwa na nasaba ya visiwani. Alizaliwa Brockton, Massachusetts, mwaka 1920, na wazazi wenye asili ya Cape Verde, visiwa vya Bahari ya Atlantiki vilivyo mkabala na Afrika ya Magharibi. Watu wa visiwa hivyo walichukuliwa na merikebu za kuwinda nyangumi hadi New Bedford na bandari nyingine za pwani ile, wakalowea. Utotoni alifundishwa gitaa, na jioni aliitwa awapigie jamaa zake nyimbo za Kireno. Baadaye akaingia katika saksafoni, akapitia bendi ya Count Basie na ya Dizzy Gillespie, na mwaka 1950 akajiunga na Ellington. Hivyo alipopanda jukwaa la Newport tarehe 7 Julai 1956, zikiwa zimesalia siku tano atimize miaka 36, alikuwa amerudi katika pwani iliyomzaa. Alikuwa mcheza kwao.

Bendi aliyokuja nayo ilikuwa katika dhiki. Wakati wa bendi kubwa ulikuwa umepita; nyingi zilikwisha vunjika, na vijana walikuwa wakiitika mdundo mpya wa rokirolo. Ellington, ambaye jina lake lilikuwa limevuma tangu miaka ya 1920, mwaka uliotangulia alikuwa amekubali kazi ya kusindikiza maonyesho ya waogeleaji huko New York. Hata usiku ule wa Newport ulianza kwa aibu. Wanamuziki kadhaa walikuwa hawajafika, wengine wakapiga vipande vichache, wakateremka. Wakasubiri muda mrefu huku makundi mengine yakipanda na kushuka. Ilipofika zamu yao tena, saa ilikaribia sita ya usiku, na baadhi ya watazamaji walikwisha anza kushika njia ya kurudi makwao.

Ndipo Ellington alipotoa tungo mbili za mwaka 1937, *Diminuendo in Blue* na *Crescendo in Blue*. Katika ya kwanza sauti ya bendi nzima hushuka hatua kwa hatua; katika ya pili hupanda hatua kwa hatua. Baina ya kushuka na kupanda pana pengo, na pengo hilo ndilo alilokabidhiwa Gonsalves alijaze peke yake. Inaelezwa kwamba yeye mwenyewe hakuwa na yakini ni utungo gani, naye akaambiwa kwamba ni bluzi tu, apulize hadi atakapotolewa.

Msomaji aliyelelewa katika ushairi hatapata taabu kuifahamu bluzi. Nayo ina ubeti wenye kipimo. Ni vipande 12 vya mapigo manne manne, yaani mapigo 48, kama vile shairi lilivyo na mishororo yake na mizani zake. Katika kila ubeti sauti hutoka nyumbani, huenda ugenini, kisha hurejea ilikotoka. Nao ubeti unaofuata huanza safari ile ile kwa maneno mengine. Malenga hasifiwi kwa kuivunja mizani. Husifiwa kwa kuonyesha kwamba mizani ile ile, iliyokwisha tumiwa na maelfu kabla yake, bado ina nafasi ya neno ambalo halijasemwa. Usiku ule Gonsalves alitoka nyumbani na kurejea mara 27. Alipuliza kwa zaidi ya dakika sita bila kupumzika, nyuma yake akiwa na Ellington kwenye piano, Jimmy Woode kwenye besi na Sam Woodyard kwenye ngoma. Watatu hao hawakumkatiza. Walimshikia mapigo tu, kama waitikiaji wanavyomshikia mwimbaji.

Lakini si bendi peke yake iliyomshikia. Chini, pembeni mwa jukwaa, alikuwepo Jo Jones, mpiga ngoma aliyetajika kwa kazi yake katika bendi ya Basie. Hakuwa na ngoma mbele yake. Alikuwa na gazeti, akalikunja na kulipiga ukingoni mwa jukwaa kuichochea bendi. Kwenye viti vya mbele mwanamke mmoja mwenye gauni jeusi akainuka, akacheza. Waliomwona wakainuka nao, wengine wakasimama juu ya viti, wengine wakasogea. Aliyewahi kuhudhuria taarabu, akamwona mshabiki anaacha kiti chake na kumwendea mwimbaji kumtunza, hatashangaa. Ni wakati ule ambao haijulikani tena nani anamwimbisha nani. Waandaaji wakaingiwa na hofu ya fujo, Wein akaashiria kwamba yatosha. Ellington akaendelea, akamleta Johnny Hodges na saksafoni yake laini ili awatulize watu.

Wiki sita baadaye, tarehe 20 Agosti 1956, sura ya Ellington ilikuwa kwenye jalada la gazeti la *Time*. Santuri ya usiku ule iliuzwa kuliko santuri yoyote aliyopata kuitoa, na mwenyewe alipenda kusema kwamba alizaliwa Newport mwaka 1956. Hakukuwa na dhuluma katika hilo, kwani utungo ulikuwa wake, bendi yake, na hekima ya kumwachia mtu nafasi ilikuwa yake. Lakini anayeisikiliza santuri ile ya 1956 hukutana na jambo la ajabu: mtu aliyewainua watu vitini anasikika kwa mbali, kana kwamba anapuliza katika chumba cha pili. Mbele ya jukwaa palikuwa na maikrofoni mbili, moja ya kampuni ya Columbia iliyotengeneza santuri, na moja ya redio, Sauti ya Amerika. Gonsalves, katika beti zake zote 27, aliielekea ile ya redio.

Tangu hapo kila alikokwenda aliombwa zile beti. Kwa wenye kuujua upulizaji wake, makao yake hasa yalikuwa katika nyimbo za taratibu, ambamo sauti yake ilitoka na pumzi nyingi, kama mtu anayenong'ona. Lakini watu walitaka mbio za Newport, naye akawapa, usiku baada ya usiku. Ulevi na madawa yalimla taratibu. Wapo usiku ambao alisinzia kitini jukwaani, na Ellington, aliyewavumilia wanamuziki wake kuliko viongozi wengi, hakumfukuza. Gonsalves alifariki London mnamo Mei 1974. Siku chache tu baadaye, tarehe 24 ya mwezi huo huo, Ellington naye akafariki New York.

Basi tunzo lilichelewa, ila halikupotea. Katika miaka ya 1990 kanda ya Sauti ya Amerika ilipatikana katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na mwaka 1999, miaka 25 baada ya kifo chake, ikaunganishwa na ile ya Columbia na kutolewa kwa ukamilifu. Kanda moja inasikika sikio hili, nyingine sikio lile. Bendi iko pale pale ilipokuwa tangu 1956. Lakini yule aliyekuwa chumba cha pili sasa amesimama mlangoni, na pumzi yake baina ya ubeti na ubeti inasikika. Kwa zaidi ya miaka 40 ilisemwa kwamba alikosea maikrofoni. Kumbe ile aliyoielekea ndiyo iliyomhifadhi.