Mkebe wa Kimbo

Mwaka 2011 nilikuwa na kazi ya wikendi kwenye kibanda cha mpira huku Kayole: kukaa mlangoni na mkebe wa Kimbo, nikikusanya bob ishirini kwa kila kichwa. Malipo yangu yalikuwa kuona game bure.

Jumapili ya Agosti 28, Arsenal walienda Old Trafford. Fabregas alikuwa ameuzwa Barcelona wiki mbili tu kabla ya hapo, Nasri naye akaenda Manchester City. Tulijua tuko pabaya, lakini kibanda kilifurika hadi wengine wakachungulia kwa matundu ya mabati. Tulipigwa nane kwa mbili. Nane! Kaka yangu, ambaye wiki nzima alikuwa amebeba mawe kwa mjengo, alijifunika uso na jezi. Mwenye kibanda yeye alikuwa anahesabu sarafu. Nikamuuliza kama haogopi watu watakataa kurudi.

"Hawa?" akacheka. "Game ijayo utawaona hapa hapa."

Na walirudi.

Nimekuja kumfikiria sana yule jamaa, kwa sababu mwaka huo huo Stan Kroenke, tajiri wa Marekani, alikuwa amefikisha zaidi ya nusu ya hisa za Arsenal. Sitamtwika kila kitu. Uwanja wa Emirates uliofunguliwa 2006 ulikuwa na deni lake, na tulikuwa tumeanza kuuza mastaa kabla hajashika usukani. Lakini hesabu za msimu huo wa 2011/12 zilionyesha faida ya pauni milioni 36 na ushee kabla ya kodi. Makombe, sufuri. Tangu FA Cup ya 2005, sufuri. Wenger akatuambia kumaliza nne bora ni kama kombe, na sisi, aki, tukaanza kushangilia nafasi ya nne. Tulibishana mtaani kuhusu pesa za Champions League kama vile zitaingia kwa M-Pesa zetu. Kufungwa nimezoea. Hiyo ya kugeuzwa wahasibu wa mtu asiyetujua bado inaniuma.

Miaka kadhaa baadaye, 2016, Kroenke alisema kwenye kongamano moja huko Boston kwamba kama shida yako ni mataji tu, hungeingia kabisa kwenye biashara hii. Nilisoma hiyo nikiwa kwa mathree, nikasikia sarafu zikianguka kwa mkebe.

Agosti 2012 walimuuza van Persie. Nahodha, mabao 30 ya ligi msimu mmoja, na wakamuuza kwa Manchester United, kati ya timu zote duniani. Kaka yangu alikuwa na jezi yake, namba 10 mgongoni, aliyoitoa Gikomba baada ya kuruka lunch siku tatu. Ikawa kitambaa cha kupangusia viatu. Akaapa shilingi yake haitaingia tena pale kibandani, na kwa miezi minane alitimiza. Wakati wa game alikuwa anafua nguo.

Aprili 28, 2013, United walikuja Emirates wakiwa mabingwa tayari. Wachezaji wetu wakajipanga mistari miwili kuwapigia makofi, van Persie akipita hapo katikati. Nikageuka, nikamkuta kaka yangu amesimama nyuma yangu na kandambili, mikono mfukoni, macho kwa skrini.

Mwenye kibanda alikuwa anaangalia kwingine. Nikasogeza miguu.

"Ingia tu," nikamnong'oneza.

Akatoa bob ishirini, akaiangusha kwa mkebe bila kuniangalia, akaenda kuketi benchi la mbele. Kabla ya half-time, van Persie alikuwa ametufunga penalti.