Moshi wa Ng'ambo ya Kilima

Kwa miaka kumi na minne nilikula mkaa, nikavaa mkaa, nikasomesha watoto kwa mkaa. Mchoma mkaa halali. Tanuri likishawashwa unalizunguka usiku kucha na koleo mkononi, kwa sababu udongo ukititia mahali ukaacha tundu, upepo unaingia na asubuhi unakuta majivu. Macho yangu yalijifunza kusoma moshi. Siku za mwanzo hutoka mweupe na mzito, ndiyo maji ya mti yanayotoka. Ukianza kuwa mwepesi wenye ubuluu, mkaa umeiva, ziba matundu. Ujuzi huo sikufundishwa shuleni, na kwa muda mrefu niliamini ndio pekee nilio nao.

Kijiji chetu kiko milimani Kilosa, mkoani Morogoro. Magunia yetu yalipakiwa kwenye fuso kwenda Dar es Salaam. Nilikata miyombo, nilikata mitondoro, na ilipoadimika nilikata hata mninga, mti ambao fundi seremala angeulilia. Sikujiona mwizi. Tuliliita pori la serikali, maana yake pori la kila mtu, na mwenye kuwahi na shoka ndiye aliyefaidi.

Mradi wa MKUHUMI ulipofika kwetu mwaka 2010, Mkutano Mkuu wa Kijiji ulichafuka. Kirefu chake kinachosha ulimi: Mpango wa Kupunguza Uzalishaji wa Hewa Ukaa itokanayo na Ukataji Miti Ovyo na Uharibifu wa Misitu. Watu walisikia neno moja tu, hewa. Na nchini kwetu hewa ni jina la kitu kisichokuwepo: mfanyakazi hewa, malipo hewa. Bibi mmoja alisimama akauliza hewa hiyo itapakiwa kwenye nini. Wengine walinong'ona kwamba wazungu wanataka ardhi. Mimi nilikaa nyuma nikipiga hesabu zangu: wakifunga msitu, tanuri langu litakwenda wapi?

Lilikwenda ng'ambo ya kilima. Kijiji kilitumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002, kikatenga msitu wake wa hifadhi, kikaweka mipaka na sheria ndogo. Siku ya kupitisha, mkono wangu ulinyooka pamoja na ya wenzangu. Wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye pori la kijiji jirani, ambako hakuna mpaka uliopimwa wala kamati, nikiangusha miti kama zamani. Nyumbani nilisema nina shamba huko.

Kisha watu wa mradi walitafuta wanakijiji sita wanaolijua pori, wafundishwe kupima miti, nami nikatajwa wa kwanza. Aliyetufundisha alikuwa dada mtaalamu wa misitu, umri wa binti yangu mkubwa, na kila asubuhi alinipa shikamoo kabla hajafungua daftari. Tulivuta kamba, tukachora duara porini, tukauzungushia futi kila mti uliokuwa ndani, mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua cha mtu mzima. Mti wa kwanza ulikuwa mtondoro wa kipenyo cha sentimeta 31. Kwa kipenyo hicho, akatueleza, tunaweza kukadiria uzito wa mti ukiwa mkavu. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni, na kila kilo 12 za kaboni zikiungua hushikana na oksijeni ya hewani zikawa kilo 44 za hewa ukaa. Halafu akanigeukia mimi. “Baba, gunia moja la mkaa linakula mti wa namna gani?”

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimweleza yote. Kwamba tani nzima ya magogo ikiingia kwenye tanuri la udongo la kienyeji unatoa magunia mawili, matatu, manne ukiwa na mkono mzuri, na kilichobaki kimekwenda na moshi. Kwamba magogo mabichi hasara yake ni kubwa zaidi. Kwamba mvua ikikukuta katikati, ndiyo basi. Aliandika kila neno, na alipomaliza alinisomea ahakikishe hakukosea.

Alasiri alichora kilima mchangani kwa kijiti. Upande huu, akasema, kijiji kimefunga msitu wake. Upande ule mtu yuleyule anaendelea kukata. Huku tutahesabu tani tulizookoa, na anga halitaona tofauti yoyote. Hilo wataalamu wanaliita uvujaji. Ng'ambo ya kilima chake akachora kijitanuri na nukta tatu za moshi juu yake. Hakujua. Mimi nilitazama nukta zile na kinywa kikanikauka, kwa sababu tanuri langu lilikuwa linawaka saa ileile.

Usiku nililiendea. Moshi ulikuwa bado mweupe. Nililiacha liive, maana miti ilikwisha kufa, lakini kulipokucha nilimfuata mwenyekiti wetu na tukavuka pamoja hadi kwa mwenyekiti wa kijiji jirani. Nilisema mwenyewe. Mkaa ulipoiva magunia yakachukuliwa yote, faini ikafuata. Mzee yule aliniangalia muda mrefu. “Heri umekuja kwa miguu yako,” akasema. “Lakini mwanangu, miti yetu hairudi kwa pole.”

Tangu hapo nilitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba mti uliosimama Kilosa unamhusu mtu wa Ulaya. Nilimsumbua dada yule kwa maswali, na baadaye nikasoma mwenyewe. Kwa upande wa misitu, utaratibu uliotokana na Itifaki ya Kyoto ya 1997 ulikubali kulipia upandaji wa miti tu. Aliyelinda msitu uliosimama tayari hakuhesabiwa. Mwaka 2005, kwenye mkutano wa mataifa kuhusu tabianchi huko Montreal, Papua New Guinea na Costa Rica zikalileta jambo hilo mezani. Kule Bali mwaka 2007 nchi zikakubali kulitafutia njia, na Aprili 2008 Norway ikatiliana saini na Tanzania, kroni milioni 500 kwa miaka mitano. Kanuni za kupima na kulipa zilikamilika Warsaw mwaka 2013, na Mkataba wa Paris wa 2015 ukaliweka suala hili kwenye kifungu chake cha 5. Katika yote hayo, lililonishika ni sharti lililowekwa Cancun mwaka 2010, kwamba haki na ujuzi wa wenyeji viheshimiwe. Sharti hilo nililiona likitimia siku mtu wa chuo kikuu aliponisomea maneno yangu mwenyewe.

Fedha nazo niziseme. Zilikuja, malipo ya majaribio. Mkutano Mkuu uliamua kila mkazi apate sawa na mwenzake, na fungu la watoto lishikwe na mama zao. Nilimwona mke wangu akifunga noti za wanetu kwenye pindo la kanga, akazifungua, akazihesabu tena. Halafu mradi ukafika mwisho, magari yakaondoka, na mnunuzi wa tani zetu tuliyeahidiwa hakutokea. Jambo hili linaniuma mpaka leo. Tuliambiwa dunia itatulipa kwa kutokata. Tukaacha kukata, tukasubiri. Mwenye watoto wanaolia njaa huwezi kumwambia angoje bei ya kaboni ipande. Wapo waliorudi porini, na siwezi kuwanyooshea kidole. Nchi zilizokubaliana kulipia matokeo zinadaiwa na watu waliokwisha kuyaonyesha.

Lakini msitu haukurudi kuwa pori la serikali. Ni wetu, una mpaka, una kamati, na hapo ndipo nilipobadilika kweli, kabla ya noti na baada ya noti. Ulipokuja mpango wa mkaa endelevu katika vijiji vya Kilosa, tulikuwa na mahali pa kuuweka. Sasa nachoma mkaa tena, kwa kibali. Eneo la mkaa limegawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, kama ubao wa drafti: kitalu kimoja kinakatwa, cha jirani kinasimama, na kilichokatwa kinapumzika miaka 24. Visiki having'olewi. Ushuru unaingia kijijini. Kitalu changu cha kwanza kina machipukizi yaliyonipita kichwa, na nimeyapunguza kwa panga hili hili.

Kwa hesabu ambazo Tanzania iliwasilisha kwenye Umoja wa Mataifa, kati ya 2002 na 2013 Tanzania Bara ilipoteza wastani wa hekta 469,420 za misitu kila mwaka. Zangu zimo. Nazijua kwa mahali zilipo. Ng'ambo ya kilima, pale nilipoficha tanuri, watu waling'oa visiki wakalima mahindi, mwaka uliofuata ufuta. Udongo umeshuka bondeni na kijito cha chini kinakauka mapema.

Mwezi uliopita mwenyekiti wa kijiji kile, si yule mzee, yeye ametangulia mbele za haki, alikuja kwangu. Wanataka kutenga msitu uliobaki na hawana mtu wa kuwaonyesha mipaka ya zamani. Nilimwambia naijua yote, na nikamwambia naijuaje. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama futi la kupimia ninalo.

Ninalo. Jumatatu alfajiri navuka.