Rekodi chaneli kabla hujamlaumu mtu

Leo tuongee kuhusu simu za ofisini, hasa zile zinazopitia kwenye kompyuta. Wengi wetu tunaotumia Asterisk, programu huria iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, hubahatisha pale sauti inapoharibika. Tunabadilisha simu, tunabadilisha waya, na mwisho lawama zinamwangukia yule anayepokea simu. Iko njia ya uhakika zaidi: kurekodi sauti palepale kwenye chaneli ya kadi.

Kwanza tuelewane. Kila chaneli ina njia mbili, sauti inayoingia kutoka nje na sauti inayotoka. Kila upande una sampuli 8,000 kwa sekunde. Kwenye laini za kawaida, sehemu ya sauti unayotuma hurudi kama mwangwi. Ndiyo maana kuna kizuia mwangwi: hulinganisha kinachotoka na kinachoingia, kisha hufuta kinachofanana. Ukirekodi ndani ya Asterisk yenyewe unapata sauti ambayo tayari imechujwa, kwa hiyo huwezi kujua imeharibikia wapi.

Kama kadi yako inatumia DAHDI (draiva hizo ziliitwa Zaptel hadi 2008), kifaa unacho tayari:

dahdi_monitor 1 -R kabla.raw -r baada.raw

Hiyo 1 ni namba ya chaneli. Faili la kwanza ni sauti inayoingia kabla ya kizuia mwangwi, la pili ni baada yake. Ukitaka sauti inayotoka, tumia -t. Kusimamisha, bonyeza Ctrl+C. Dakika moja ya kila faili ni baiti 960,000, kwa hiyo haitajaza diski yako. Kuisikiliza, ifungue kwa Audacity kama data ghafi: biti 16, mono, 8000 Hz. Angalizo moja: kama kizuia mwangwi kiko ndani ya kadi yenyewe, sauti huifikia draiva ikiwa imeshachujwa, na mafaili mawili hayatakuonyesha tofauti.

Sasa niwape mfano wa hapa kwetu Ziwa la Ng'ombe. Kituo kimoja cha afya kina seva ndogo ya Asterisk, na kadi yake imeunganishwa na kisanduku chenye laini ya simu ya mkononi. Wagonjwa walilalamika kwamba dada wa mapokezi anawauliza jambo moja mara tatu. Mwenye kituo alikuwa ameshaamua. "Kijana, huyu hasikii. Mwisho wa mwezi natafuta mwingine." Yule dada naye aliniambia pembeni, "Kaka, masikio yangu mazima. Maneno yananijia nusunusu."

Ndugu msomaji, mshahara wa mtu ulikuwa unategemea nani ataaminika. Sikutaka kurekodi wagonjwa wakieleza maradhi yao, kwa hiyo nilipiga mwenyewe kwa simu yangu kutoka stejini, nikahesabu moja hadi ishirini huku dada akinisomea gazeti. Yeye na mwenye kituo walijua ninarekodi.

Tuliposikiliza, faili la kabla lilikuwa na namba zote ishirini. La baada lilikosa sita. Nikatazama sauti inayotoka, ikawa kubwa mno, mawimbi yamekatika juu na chini. Kwenye chan_dahdi.conf mtu alikuwa amepandisha txgain sana. Dirisha la mapokezi linatazama barabara, na tuktuk na makondakta wote waliingia kwenye simu ya dada na kutoka kwa kishindo. Kizuia mwangwi kiliposikia kelele kubwa inatoka, kikaichukulia sauti ndogo ya mgonjwa kuwa mwangwi tu, kikaikata.

Nilishusha txgain hadi 0.0, nikawasha Asterisk upya, tukarudia jaribio. Namba zote ishirini zikafika. Mwenye kituo alivaa hedifoni akasikiliza mafaili yote mawili mwenyewe. Hakusema mengi, lakini habari ya kutafuta mtu mwingine iliishia hapo.

Ninachotaka mkichukue ni hiki. Mashine ikikosea, kosa huonekana kama la mtu aliye karibu nayo. Mpokea simu hana logi ya kuonyesha, ana neno lake tu, na neno la mfanyakazi mdogo ni jepesi mbele ya malalamiko ya wateja. Rekodi mbili za dakika moja zinalipa neno hilo uzito.

Lakini rekodi hiyohiyo inaweza kumuumiza mtu. dahdi_monitor haimjulishi anayezungumza kwamba anasikilizwa. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na sauti ya mgonjwa akitaja ugonjwa wake si kitu cha kuachwa kwenye seva. Tumia simu za majaribio, waambie walioko kwenye laini, rekodi muda mfupi, na ukishapata jibu futa mafaili. Mimi nilifuta yangu siku hiyohiyo.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaangalia fxotune na jinsi ya kupunguza mwangwi kwenye laini zenyewe. Mpaka hapo, kwaherini.